Tumbo Joto na Imani

Kiswahili kina usemi kwamba mtu yuko tumbo joto. Kijana anayengoja matokeo ya mtihani yuko tumbo joto. Mama ambaye mwanawe hajarudi na saa nne ya usiku imepita yuko tumbo joto. Hata mtunza hazina wa usharika, siku mkaguzi anapofungua daftari la sadaka, yuko tumbo joto, ingawa hesabu zake ni safi. Usemi huu hauhitaji kufafanuliwa, kwa sababu kila mmoja wetu ameupata mwilini mwake: chakula hakishuki, kitu kinajisokota chini ya kitovu, na safari za msalani zinaongezeka.

Katika sharika zetu wako washarika wanaoishi hivyo karibu kila siku, na juu ya maumivu yenyewe wamebebeshwa mzigo wa pili. Wameambiwa kwamba amwaminiye Mungu haogopi, na kwamba tumbo linalovurugika kwa hofu ni ushahidi wa imani haba. Maneno hayo husikika kwenye mikesha ya maombi na redioni, na mara nyingi husemwa kwa nia njema na jirani aliyekuja kumwona mgonjwa. Yanaegemezwa kwa Bwana wetu mwenyewe, aliyewafundisha wanafunzi wasiwe na wasiwasi juu ya chakula na mavazi. Kwa hiyo swali ni la haki na lazima tulijibu: je, mtu anawajibika mbele za Mungu kwa yale ambayo tumbo lake linafanya?

Kabla ya kufungua Maandiko inafaa tujue tumbo linafanya nini hasa, maana si haki kuhukumu kiungo ambacho hatujui kinaendeshwaje.

Tunapoketi kula, utashi wetu una kazi mwanzoni na mwishoni tu. Tunachagua tonge, tunalitafuna, tunaamua kulimeza. Likishavuka koo, limetoka katika mamlaka yetu. Hakuna aliyewahi kuliamuru tumbo lake lianze kusaga ugali au liache. Huko mwisho kabisa, kwenye haja kubwa, tunarudishiwa mamlaka kidogo, na mtoto hujifunza kuyatumia akiwa na miaka miwili au mitatu. Katikati ya miisho hiyo miwili ipo njia yenye urefu wa mita kadhaa, ambayo utumbo mwembamba peke yake huchukua kama mita 6, na yote inaendeshwa bila sisi kuulizwa.

Nani anaiendesha? Watu walidhani kwa muda mrefu kwamba ni ubongo, kama vile ubongo unavyoendesha mkono. Lakini katika miaka ya 1850 na 1860 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Georg Meissner na Leopold Auerbach, walitazama ukuta wa utumbo kwa hadubini na kila mmoja akakuta wavu wa neva. Wavu mmoja umelala karibu na utando wa ndani, nao unasimamia majimaji yanayomiminwa na damu inayopita. Wavu wa pili umelala katikati ya tabaka mbili za misuli, nao unasimamia mwendo. Leo inakadiriwa kwamba neva hizo zina seli zaidi ya milioni 100. Mwaka 1899 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling (walikuwa mashemeji, Bayliss alimwoa dada yake Starling), walikata neva zote zinazounganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo. Kisha wakaweka kitu ndani ya utumbo. Utumbo ukabana nyuma ya kile kitu na kulegea mbele yake, ukakisukuma kwenda chini, kana kwamba hakuna kilichokatwa. Mwaka 1917 Mjerumani Paul Trendelenburg alionyesha jambo lile lile kwa kipande cha utumbo kilichotolewa kabisa mwilini na kuwekwa ndani ya chombo cha maji yaliyoandaliwa. Kipande kile hakikuwa na mwenyewe tena, lakini kiliendelea na kazi yake.

Tunakiri katika Katekisimo Ndogo, tunapoeleza Kanuni ya Imani, kwamba Mungu ametupa mwili na roho na viungo vyote, tena anavitunza hadi leo bila sisi kustahili. Vijana wetu wa kipaimara hukariri maneno hayo na kufikiria macho, masikio, mikono. Utumbo haumo katika orodha, ila hapana kiungo kinachoeleza kukiri huko vizuri kuliko huo. Usiku tukiwa tumelala, hatuombi wala hatuamini kwa fahamu zetu, chakula cha jioni kinageuzwa kuwa damu na nguvu. Hilo halikungoja tuwe na imani ya kutosha.

Hata hivyo utumbo haukutengwa na sehemu nyingine za mwili. Kuna neva ndefu inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni, ambayo madaktari huiita vagasi. Tungetarajia kwamba ni njia ya ubongo kutuma amri chini. Kumbe nyuzi zake nyingi, zinazokadiriwa kuwa nne katika kila tano, zinabeba habari kutoka chini kwenda juu. Tumbo linaripoti zaidi ya linavyoamriwa. Wazee wetu waliosema kwamba mwenye njaa hafai kupatanishwa kabla hajala hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa karibu sana na jambo hili.

Na hofu je? Hofu ina neva zake, zinazotoka katika uti wa mgongo. Mtu akishtuka, neva hizo zinaupa moyo mbio, zinatoa jasho, zinapunguza damu inayokwenda tumboni ili ipatikane ya miguu na mikono, na zinausimamisha mwendo wa tumbo. Chakula kinakaa pale pale kama jiwe. Wakati huo huo utumbo mpana hupokea amri tofauti, unaharakisha kutoa ulicho nacho. Ndiyo maana mwenye tumbo joto anashindwa kula huku juu na anakimbilia msalani kwa huku chini. Mwili unajiandaa kukimbia simba, hata kama simba mwenyewe ni barua ya benki.

Jambo hili lilionekana kwa macho. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja kutoka Kanada aliyeitwa Alexis St. Martin, kibarua wa kampuni ya ngozi, alipigwa risasi ya bahati mbaya tumboni. Alipona, lakini tundu halikuziba. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akaanza kutazama kupitia tundu hilo, akining'iniza vipande vya nyama kwa uzi na kuvitoa baada ya saa kadhaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1833 aliandika, pamoja na mengine mengi, kwamba St. Martin alipokasirika usagaji wa chakula uliharibika. Tuseme ukweli, mtu anayefanywa dirisha la maabara kwa miaka alikuwa na sababu za kukasirika. Alipofariki mwaka 1880 jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza ndipo wakauzika chini sana, ili madaktari wasiufukue. Baadaye, Walter Cannon akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Harvard alitumia miale ya eksirei, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1895, kutazama tumbo la paka likisaga chakula. Aliona kwamba paka akiudhika, mawimbi ya tumbo yalikatika, na akitulia, yalirudi.

Paka hana imani ya kupungukiwa. Hapo ndipo tunapopaswa kuanza kufikiri.

Kama tumbo la kiumbe asiyejua dhambi linasimama kwa hofu, basi kusimama kwa tumbo langu au lako si dhambi kwa kule kusimama tu. Ni kazi ya mwili uliopewa silaha za kujilinda. Tunaweza kwenda mbali zaidi. Luka anatuambia kwamba Bwana wetu kule Gethsemane alitoka jasho zito lililodondoka chini kama matone ya damu. Jasho la hofu hutolewa na jamii ile ile ya neva zinazofunga tumbo. Injili haituambii tumbo lake lilikuwaje usiku ule, nasi hatutaongeza. Lakini inatuambia wazi kwamba mwili wake uliitika hofu kama miili yetu inavyoitika. Naye Kanisa linamkiri kuwa hakuwa na dhambi. Anayesema kwamba mwili unaotetemeka ni ushahidi wa kutoamini atueleze atafanya nini na bustani ile.

Yeremia naye, alipoona vita vinakuja juu ya watu wake, alilia kwa uchungu ambao tafsiri zetu zinauweka moyoni. Katika Kiebrania neno alilotumia ni matumbo. Mtunga zaburi ya 22, ambayo Yesu alianza kuiomba msalabani, anasema kwamba moyo wake umeyeyuka ndani ya matumbo yake. Hawa ni watu wa imani, tena wanaiomba imani yao kupitia tumbo.

Kwa hiyo lile neno la Bwana la kutokuwa na wasiwasi lina kazi gani? Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha Sheria na Injili, na hapa ndipo tofauti hiyo inapogusa maisha ya mtu. Yesu alisema maneno hayo akiwaonyesha ndege na maua. Ni habari kuhusu Baba anayejua mahitaji yetu kabla hatujaomba. Mtu mwenye hofu akiyasikia hivyo, anapata mahali pa kuegemea, na mara nyingine hata tumbo hutulia. Lakini ukiyachukua maneno hayo ukayafanya kipimo cha kumpimia mgonjwa, umegeuza ahadi kuwa amri ambayo hakuna awezaye kuitimiza, maana hakuna mtu anayeamuru neva za utumbo. Matokeo yake yanajulikana. Aliyekuwa anaogopa ugonjwa sasa anaogopa pia kuogopa kwake, na tumbo linazidi.

Historia ya vidonda vya tumbo ingetosha kututia adabu. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini kwamba chanzo chake kikubwa ni mawazo na asidi, na wagonjwa waliambiwa wapunguze fikra. Mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall walitambua bakteria anayeishi tumboni, na ikaja kuthibitika kwamba yeye ndiye msababishi wa vidonda vingi. Marshall alifikia hatua ya kumnywa bakteria huyo mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu, kama aspirini na ibuprofeni, zinapotumiwa kwa muda mrefu. Wazo kwamba mgonjwa amejiletea vidonda kwa kuwaza sana bado linatembea mitaani kwetu, na wapo waliotubu hofu zao kwa miaka ilhali walihitaji kupimwa hospitali na kumeza dawa za bakteria kwa wiki mbili.

Upo mfano mchungu zaidi. Seli zinazounda wavu wa neva wa utumbo hazizaliwi pale. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, zinaanza safari kutoka karibu na shingo, zinaingia sehemu ya juu ya njia ya chakula na kushuka, hadi karibu na juma la saba zinapofika mwisho. Kwa mtoto mmoja kati ya kama 5,000, zinaishia njiani. Kipande cha mwisho cha utumbo mpana kinabaki bila neva, na kwa kuwa hakina wa kukilegeza, kinajibana. Mtoto anazaliwa mzuri kabisa, lakini hapati choo siku ya kwanza wala ya pili, tumbo linavimba, anatapika nyongo. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886. Siku hizi daktari wa upasuaji hukata kipande kisicho na neva na kuvuta chini kile kilicho kizima, na watoto wengi hukua. Lakini ni lazima wafike hospitali mapema. Kinachowachelewesha wengine ni mazungumzo ya nyumbani: mama alikula nini, nani amemwekea mkono, kuna kiapo gani katika ukoo. Ni swali lile la wanafunzi juu ya kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa, kisha akamtendea yule mtu jambo la kumsaidia.

Hapa mtu anaweza kutuuliza: kama yote haya yanaendeshwa na neva, je, hatujamwondolea mwanadamu kila wajibu? Mwenye hasira atasema ni mwili wake. Asiye na huruma atasema hakusikia chochote.

Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limejificha katika neno lenyewe la huruma. Injili zinaposema kwamba Yesu aliwahurumia makutano, neno la Kigiriki linatokana na matumbo, yaani sehemu za ndani za mwili. Linatumika kwa Yesu, na katika mifano yake kwa watu watatu tu: bwana aliyemsamehe mtumwa deni, Msamaria, na baba wa mwana mpotevu. Kiebrania kinafanana nalo, kwani neno lake la rehema ni ndugu wa neno linalotaja tumbo la uzazi. Na sisi hatuko mbali. Neno letu rehema, lililotujia kwa Kiarabu, linatoka katika mzizi huo huo, na tunapotaka kusema kwamba watu ni ndugu hasa tunasema ni wa tumbo moja.

Tumtazame basi yule Msamaria. Njia ya Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi, na mtu aliyelala pale alikuwa ushahidi wake. Luka hasemi kuhani na Mlawi walisikia nini matumboni mwao. Huenda walisikia hofu, na tumbo la mtu yeyote mwenye akili lingesokotwa mahali pale. Huenda walisikia na huruma pia. Anachosema Luka ni kwamba walipita upande mwingine. Naye Msamaria hatuambiwi kwamba hakuogopa. Tunaambiwa matumbo yake yalisukumwa, akasogea karibu, akamimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake. Tofauti inayohukumiwa katika mfano ule iko miguuni na mikononi. Kinachotokea tumboni kilikuja bila kuitwa kwa wote watatu, lakini hatua iliyofuata kila mmoja aliipiga mwenyewe.

Yohana katika waraka wake wa kwanza anaongeza jambo la kuogofya kidogo. Anamtaja mtu mwenye mali ya dunia, ambaye anamwona ndugu yake mhitaji na kumfungia matumbo yake, ndivyo Kigiriki kinavyosema. Kwa hiyo hatuwezi kuiamuru huruma ije, ila tunaweza kuufunga mlango ikiwa imekwisha kufika. Hilo linafanyika polepole: leo tunageuza uso, kesho tunapita njia nyingine, na mwaka ukiisha hatusikii tena. Paulo naye, katika waraka mmoja wa Wafilipi, anatumia maneno mawili. Anawatamani ndugu katika matumbo ya Kristo, kisha anawalilia watu ambao tumbo ndilo mungu wao. Kwa Kigiriki ni maneno tofauti. La kwanza ni la ndani linalosukumwa kwa ajili ya mwingine, la pili ni la shimo linalotaka kujazwa.

Wajibu upo pia mezani. Ikiwa hasira na hofu zinasimamisha tumbo, basi baba anayechagua saa ya chakula kuwa saa ya kugomba anaharibu alichokinunua kwa jasho. Watoto wanakula macho chini, na chakula kinakaa kama jiwe. Mithali inasifu mboga penye upendo kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki, nasi tumezoea kuisoma kama picha. Tumbo linaichukua kama ilivyo.

Na anayeteseka tumemwambie nini? Luther mwenyewe, alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 baada ya kusimama mbele ya mfalme mkuu kule Worms, aliwaandikia rafiki zake barua ambazo ndani yake, pamoja na mambo ya Kanisa zima, analalamika wazi kwamba hapati choo na anaumia sana. Hakuona aibu, wala hakudhani jambo hilo linapingana na imani aliyoitetea wiki chache nyuma. Paulo alipomwandikia Timotheo, kijana mchungaji mwenye tumbo la taabu na magonjwa ya mara kwa mara, alimpa ushauri wa divai kidogo, ambayo ndiyo dawa waliyokuwa nayo. Hakuna neno moja la kumkemea. Leo ushauri wa namna hiyo unaitwa kwenda zahanati, tena mapema, hasa kama kuna damu chooni, uzito unapungua au maumivu yanamwamsha mtu usiku.

Eliya ndiye tunayemkumbuka zaidi katika jambo hili. Alikuwa ametoka kushinda Karmeli, kisha kwa tishio moja la Yezebeli akakimbia jangwani na kuomba afe. Kama kuna nabii aliyestahili kuulizwa imani yake imekwenda wapi, ni yeye, chini ya ule mti. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari ni ndefu. Alitembea siku 40 kwa nguvu ya chakula kile hadi Horebu, na huko ndiko Bwana alipomuuliza anafanya nini.